Miaka Iliyotwaliwa: Aliyerudi Apimwe kwa Kipimo Gani?

Liko swali ambalo watu wa bonde la Kilombero wanalijua hata kabla hawajaulizwa. Mto unapofurika, mpunga ukiwa umekwisha kuchanua, mwenye shamba hupoteza kazi ya mwaka mzima. Maji yakipungua hurudi na jembe lake, hupanda tena, naye hupata mavuno ya mwaka wa pili. Lakini mavuno hayo ni ya mwaka wa pili tu. Yale ya kwanza hayarudi. Hapa Katindiuka, karibu na Ifakara, jambo hili halihitaji mwalimu. Ila neno huwa gumu zaidi kinapopotea kitu kisichopandwa mara mbili, yaani nguvu za ujana. Shamba humngoja mwenyewe; mwili haungoji.

Basi swali letu ni hili: Mtu akinyang'anywa miaka yake iliyo bora pasipo kosa lake, kisha akarudi kazini, yatupasa kumpima kwa kipimo gani? Je, kwa vile alivyokuwa zamani? Au kwa vile ambavyo angalikuwa? Au kwa vile alivyo leo, kana kwamba hakuna kilichotokea?

Tumeuchukua mfano kutoka mbali, kusudi tuweze kulitazama jambo lenyewe pasipo kuwatazama jirani zetu usoni. Baadaye tutarudi nyumbani.

Wengi wamekwisha kuiona tenisi, maana siku hizi huonyeshwa katika televisheni. Ni mchezo wa watu wawili, au wawili kwa wawili, wanaopigiana mpira mdogo juu ya wavu kwa raketi, chombo chenye mpini na nyuzi zilizokazwa. Mashindano yake yenye sifa kuliko yote huchezwa katika uwanja wa majani huko Wimbledon, London. Katika miaka ya 1930 alikuwako msichana Mwingereza, jina lake Kay Stammers, aliyezaliwa mwaka 1914 katika mji wa St Albans, naye alipiga kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1935, na tena mwaka 1936, alishinda huko Wimbledon mashindano ya wanawake wawili wawili, akicheza pamoja na Freda James. Mwaka 1939 alifika fainali ya mmoja mmoja. Siku ile alishindwa na Alice Marble wa Marekani, seti mbili kwa 6–2 na 6–0. Alikuwa na miaka 25. Mchezaji wa umri huo aliyekwisha kufika mlango wa mwisho anayo haki ya kutumaini kwamba mwakani huenda mlango ukafunguka.

Lakini mwakani hakukuwa na mashindano. Yapata miezi miwili baada ya fainali ile, Septemba 1939, vita vilianza, na Wimbledon haikuchezwa tena hata mwaka 1946. Mashindano sita ya kila mwaka yalipita pasipo kuchezwa. Uwanja ule uligeuzwa kuwa mahali pa kazi za vita, na katika viwanja vyake walifugwa nguruwe, kuku, bata bukini na sungura ili watu wapate chakula. Oktoba 1940 mabomu ya Wajerumani yalianguka hapo, na moja lilipiga uwanja mkubwa wenyewe, likaharibu viti vipatavyo 1,200. Mwishoni mwa mwaka 1941 sheria ya Uingereza iliwataka hata wanawake wasioolewa, wenye umri wa miaka 20 hadi 30, watoke kufanya kazi za taifa. Wasichana waliotazamiwa kuwa wachezaji walikwenda viwandani, hospitalini, mashambani na jeshini.

Tena, mipira ilikuwa adimu. Na hapa yafaa tukumbuke kwamba neno letu "mpira" lina maana mbili. Ni ule utomvu wa mti, tena ni kile kitu cha kuchezea. Mapema mwaka 1942 Wajapani waliziteka Malaya na Singapore, nchi zilizotoa mpira mwingi sana, na upande wa Waingereza ukapungukiwa. Ndipo mashamba ya zamani ya mpira katika Tanganyika, yaliyopandwa wakati wa Wajerumani, yalipogemwa upya, na watu walichukuliwa kwa amri kwenda kuyafanyia kazi. Utomvu ule ulitakiwa kwa magurudumu ya magari na ndege za vita, wala si kwa michezo. Hivyo vita vilevile vilivyomnyima msichana wa St Albans mpira wa kuchezea vilimtoa mtu wa Tanganyika katika shamba lake ili akaugeme mpira wa kupigania. Kila mmoja alitwaliwa miaka kwa namna yake, wala hakuna aliyeulizwa.

Mwaka 1946 mashindano yalifunguliwa tena. Katika uwanja mkubwa pengo la bomu lilikuwa lingali likionekana. Ulipofika mwaka 1949 ndipo matengenezo yote yalipokwisha. Nguo zilikuwa zingali zikigawiwa kwa kipimo, na chakula pia. Kay Stammers alirudi, sasa akiitwa Bibi Menzies, maana aliolewa mwaka 1940. Alikuwa na miaka 32. Aliingia tena Wimbledon, tena alichaguliwa katika timu ya Uingereza kushindania kombe la Wightman, lililokuwa likishindaniwa na wanawake wa Uingereza na wa Marekani tangu mwaka 1923. Katika kombe hilo, mwaka ule, Wamarekani walishinda michezo yote 7, na Waingereza hawakupata hata mmoja. Na katika Wimbledon yenyewe Pauline Betz wa Marekani alishinda mashindano yote pasipo kupoteza hata seti moja.

Tusemeje basi juu ya mambo haya? Watazamaji huwa na hukumu tatu zilizo karibu midomoni mwao, nasi twataka kuzipima moja moja.

Hukumu ya kwanza husema: "Huyu amekwisha. Zamani alikuwa mchezaji. Sasa afadhali angalikaa nyumbani." Asemaye hivi huiona sawasawa hesabu ya michezo, lakini huiandika katika daftari la mtu asiyehusika. Ni kama tajiri aliyemtuma karani wake safari ya miaka sita, kisha akarudi na kumlaumu kwa kuwa duka halikuuza. Upungufu upo kweli, wala hatusemi haupo. Ila haukutokana na uvivu wa mwanamke yule, wala na moyo mdogo. Ulitokana na vita. Na anayemdai mtu deni la mwingine, hata akidai kiasi kilicho sahihi, amedhulumu.

Hukumu ya pili hutoka katika moyo wa huruma, kwa hiyo ni vigumu zaidi kuikataa. Husema: "Kama si vita angalikuwa bingwa. Tumhesabu kuwa bingwa." Hapa nasi twasita. Maana ni nani ajuaye? Mwaka 1939 alishindwa, wala si kwa kidogo. Zaidi ya hayo, kombe la Wightman halikutoka mikononi mwa Waingereza kwa sababu ya vita. Walikuwa hawajalishinda tangu mwaka 1930, miaka tisa kabla ya bomu la kwanza. Kama si vyema kumtwika mtu deni la vita, vivyo hivyo si vyema kuvitwika vita deni lisilo lao, ingawa vita havina wakili wa kuvitetea. Heshima inayosimama juu ya "kama" humnyima mtu heshima ile aliyo nayo kwa kweli. Kay Stammers alikuwa na ushindi wake ulioandikwa, tena alikuwa na kurudi kwake. Hayo yatosha, ya nini kumvika taji ambalo mwenyewe hakulitwaa?

Hukumu ya tatu humgeukia mshindi: "Ushindi wa Wamarekani haukuwa wa haki. Wao walicheza nyumbani, huku wenzao wakipigwa mabomu." Ni kweli kwamba mashindano makuu ya Marekani yaliendelea miaka yote ya vita, Pauline Betz mwenyewe alikuwa bingwa wa nchi yake mwaka 1942, 1943 na 1944. Lakini je, kwa kucheza kwake alimwibia mtu? Hakuangusha bomu, wala hakuufunga uwanja wa London. Alifanya kazi iliyokuwa mbele yake kwa bidii, naye alishinda kwa mikono yake mwenyewe. Yafaa aliyepewa nafasi akumbuke kwamba alipewa, asijivune kana kwamba aliiumba. Lakini kukumbuka si sawa na kuwa na hatia.

Basi twafika mahali penye ugumu. Iko hasara, tena kubwa, nayo haimwangukii aliyeshindwa, wala haimwangukii aliyeshinda. Moyo wa binadamu haupendi jambo la namna hii. Hasara ikiwapo, twataka apatikane mwenye kulipa. Na asipopatikana, mara nyingi humlipisha yule aliye karibu, ambaye ndiye aliyeumia. Ndiyo sababu mtu aliyepoteza miaka hupata adhabu mara mbili: kwanza hupoteza miaka, kisha huulizwa kwa nini hana kitu cha kuonyesha.

Kwa maoni yetu, kipimo cha haki ni hiki: mtu apimwe kwa kile anachokifanya na kile kilichobaki, nayo hasara iandikwe mahali pake. Ukimtazama Bibi Menzies kwa kipimo hicho, mwaka wa 1946 hauonekani kuwa mwaka wa aibu. Wakati ule mchezo wa Wimbledon haukuwa na zawadi ya fedha; hiyo ilianza mwaka 1968. Hakurudi kutafuta mshahara. Alirudi akiwa na miaka 32 mbele ya vijana wenye nguvu kuliko yeye, akijua, kama ajuavyo kila mchezaji, kwamba miguu haiwi na miaka 25 mara mbili. Alikubali kushindwa mbele ya watu wa nchi yake. Baada ya miaka michache aliondoka Uingereza kwenda kukaa Afrika Kusini, naye alikufa mwaka 2005, akiwa na miaka 91.

Tena tuangalie jinsi miaka inavyodai. Kombe la Wightman lilirudi Uingereza mwaka 1958, kwa michezo 4 dhidi ya 3. Na ubingwa wa mmoja mmoja huko Wimbledon, ambao Mwingereza Dorothy Round aliutwaa mwaka 1937, haukutwaliwa na mwanamke wa Uingereza tena mpaka mwaka 1961, alipoupata Angela Mortimer. Huyu alikuwa mtoto wa miaka saba vita vilipoanza. Kati ya hao wawili ilipita miaka 24. Vita havikuwa sababu pekee. Lakini watoto wasio na uwanja wala mpira hawawi mabingwa kwa siku moja. Katika muda ule wote walikuwako wanawake waliocheza na kushindwa, mwaka baada ya mwaka. Kama wangaliona haya na kukaa nyumbani mpaka ushindi uwe hakika, watoto wangalimtazama nani wakicheza?

Hata katika Afrika yetu ya Mashariki mambo haya yamewapata watu. John Akii-Bua wa Uganda alishinda medali ya dhahabu huko Munich mwaka 1972 katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi, naye alikuwa mtu wa kwanza kuzimaliza chini ya sekunde 48. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika hazikushiriki michezo ya Montreal, na Uganda ilikuwa mojawapo. Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yalipoingia Uganda na utawala wa Idi Amin ulipoanguka, alikimbilia Kenya kama mkimbizi, kisha akaenda Ujerumani. Alikimbia tena huko Moscow mwaka 1980, lakini hakufika fainali. Filbert Bayi wa kwetu, ambaye mwaka 1974 aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500, naye aliikosa Montreal kwa sababu ileile ya mataifa kujitenga. Alirudi huko Moscow, akapata medali ya fedha katika mbio nyingine, zile za mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Mmoja alirudi na medali, mwingine hakurudi na kitu. Je, twaweza kusema kwamba moyo wa yule wa pili ulikuwa mdogo? Wote wawili walirudi na kilichobaki. Kilichobaki hakikuwa sawa.

Sasa na turudi nyumbani, maana hatukuandika haya ili tujue habari za michezo tu. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali yetu ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule, wakiwamo wasichana waliopata mimba, waweza kurudi masomoni. Mlango ulifunguliwa kwa tangazo. Lakini tangazo halikai darasani, wala halitembei njiani pamoja na msichana mwenye miaka 20 aendaye kukaa benchi moja na wa miaka 16. Anayekutana naye njiani ni sisi. Nasi twazo zile hukumu tatu. Wengine husema, "Huyu amekwisha." Wengine humhurumia kwa maneno ya "angalikuwa daktari", mpaka huruma yenyewe ikawa mzigo. Wengine huwatazama kwa jicho baya wenzake waliotangulia. Tena si wasichana tu. Yuko aliyekaa miaka minane akimwuguza mama yake, na sasa anatafuta kazi mikono mitupu. Yuko aliyeugua kifua kikuu wakati wenzake wakijenga nyumba. Yuko aliyepoteza misimu miwili kwa mafuriko, akaingia katika deni, na leo huitwa mvivu.

Labda mtu atauliza: "Je, hamwoni kwamba mwawapa wavivu kisingizio? Kila mtu atasema miaka yake ilitwaliwa." Swali hili ni la haki, nasi hatulipuuzi. Jibu ni kwamba hesabu ya kweli hukata pande zote mbili. Aliyetwaliwa miaka sita na akapoteza miwili mingine kwa kupenda, aandikiwe sita mahali pake na miwili mahali pake. Hatukusema watu wasipimwe. Twasema wapimwe kwa uangalifu zaidi. Mzani mbovu humfaa mvivu kama umfaavyo mdhalimu. Tena mvivu hujulikana kwa ishara moja: mlango ukifunguliwa, yeye haingii.

Na mwingine atasema: "Vita vile viliua mamilioni. Wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 walikufa katika njia za Mahenge, na vijana wa Tanganyika walipelekwa Burma wakiwa askari wa K.A.R. Mchezo wa mpira ni nini mbele ya hayo?" Ni kweli, haulingani nayo, wala hatuulinganishi. Aliyekufa hakurudi ili tumpime. Lakini hasara kubwa haiifuti iliyo ndogo. Mwenye kuunguliwa na nyumba amepata msiba kuliko aliyeunguliwa na ghala, wala hatumwambii wa ghala kwamba hakuunguliwa. Na yule asiyeweza kuona haki katika jambo dogo kama mchezo, ambamo hesabu imeandikwa wazi na kila mtu aweza kuisoma, ataionaje katika maisha ya jirani yake, ambamo hakuna aliyeandika?

Basi yatupasa mambo matatu kwa mtu aliyerudi. La kwanza, tusimdai deni la vita, wala la ugonjwa, wala la mto. La pili, tusimwambie kwamba miaka ile ilikuwa baraka iliyojificha. Yeye mwenyewe akitaka kusema hivyo, na aseme, maana anajua aliyoyapitia; lakini sisi hatuna ruhusa ya kulisema kwa niaba yake, kwa kuwa si sisi tuliolipa. La tatu, tumpe nafasi halisi: benchi la kukaa, shamba la kukodi kwa bei ya haki, kazi ya kujaribiwa kwa muda wa kutosha, wala si siku mbili. Bibi Menzies hangaliweza kurudi kama wale waliochagua timu wangalisema umri wake umepita. Walimwacha ajaribu, naye alijaribu, akashindwa. Na hakuna aliyedhulumiwa.

Miaka iliyotwaliwa hatuna uwezo wa kuirudisha, wala serikali haina, wala mwenye mali. Lakini iko miaka mingine, ile inayofuata baada ya kurudi, nayo imo mikononi mwa watu wanaompokea. Vita vilitwaa sita. Tukimfungia mtu mlango kwa miaka mingine minne kwa sababu ya dharau, hiyo minne haitaandikwa katika daftari la vita. Itaandikwa katika letu.